TARAKILISHI KUUKUU NA GEMU ZA KISASA: TUANZIE WAPI?

Tangu tufungue muhula huu, swali ninaloulizwa zaidi, iwe kwenye foleni ya chakula cha mchana au ndani ya matatu ya kutoka Thika kwenda Ruiru, ni hili: "Bosi, nikiwa na pesa kidogo, ninunue kadi gani ndio mashine yetu ya nyumbani icheze gemu?" Leo najibu kwa maandishi ili nipumzike. Usianze na kadi. Anza na bisibisi. Fungua sanduku, usome kibandiko cha kile chombo kinachogawa umeme ndani, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Hayo ya kadi tutayazungumza baadaye.

Kwanza tuelewane tunasema tarakilishi gani. Nyingi tulizo nazo Makongeni, Ngoingwa, Kimbo na Membley hazikutengenezewa michezo. Zilikuwa za ofisini huko ng'ambo, zikastaafu, zikatufikia kwa njia ya mtumba. Chukua mfano wa Dell OptiPlex 7010, ile iliyotoka mwaka wa 2012 (si ile mpya ya 2023 iliyorithi jina hilohilo, maana muuzaji mjanja anaweza kukuchanganya hapo). Ndani yake aghalabu utakuta prosesa ya Intel Core i5-3470 yenye viini vinne. Hiyo si takataka hata kidogo! Gemu ya GTA V ilipotolewa kwa tarakilishi mnamo Aprili 2015, watengenezaji wenyewe waliitaja prosesa hiyo katika orodha ya vifaa walivyovipendekeza, pamoja na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Prosesa hufikiri, kadi ya michoro huchora. Mashine hizi zinajua kufikiri, shida yake ni kuchora. Ndiyo maana vijana hukimbilia kununua kadi, na hapo ndipo mambo huharibika.

Hebu sikiliza kisa hiki. Kaka mmoja jirani yetu kule Kimbo alifanya kazi ya mjengo likizo nzima ya Aprili. Alibeba mawe, akachanganya simiti, akaweka pesa zake vizuri, kisha akanunua kadi ya mtumba aina ya Radeon RX 580. Kadi yenyewe ni nzuri, sikatai. Lakini alipofika nayo nyumbani akaona ni ndefu na pana kuliko sanduku lake, maana yeye alikuwa na ile 7010 ndogo ya kulala mezani. Isitoshe, kadi ilitaka waya wa umeme wa pini 8, na pawasaplai yake haikuwa na waya kama huo. Hata ungekuwepo, tazama hesabu: kadi hiyo inahitaji wati 185, prosesa inahitaji hadi 77, jumla 262. Pawasaplai yake imeandikwa 240! Na hapo hatujahesabu diski wala feni.

Fundi mmoja akamwambia, "Hiyo si shida, nitakuungia kutoka kwa waya wa diski." Mama yake akakataa katakata. Dada yake yuko kidato cha nne, na mradi wake wa KCSE wa somo la Kompyuta ulikuwa ndani ya mashine hiyohiyo. Nami namuunga mkono mama huyo. Plagi ya umeme ya diski ya aina ya SATA imepimwa kubeba ampea 4.5 kwa volti 12, yaani wati 54. Plagi ya pini 8 hutarajiwa kubeba hadi wati 150. Ukilazimisha mzigo wa punda mbebwe mwanambuzi, plastiki huyeyuka, na kilichokuwa ndani ya tarakilishi kinaweza kwenda nayo.

Basi kibandiko kinasomwaje? Tafuta mstari wa volti 12. Chukua ampea zilizoandikwa hapo, uzidishe kwa 12, upate wati. (Mwalimu wa Fizikia akisoma hapa atatabasamu.) Toa za prosesa, toa kama 40 za vitu vidogovidogo, kisha ubakishe nafasi ya kupumua. Kinachosalia ndicho chakula cha kadi yako.

Kuna kadi ambazo hazihitaji waya wa ziada kwa sababu hupata umeme kutoka kwa nafasi zinapochomekwa kwenye madabodi. Nafasi hiyo hutoa wati 75 kwa wingi. GeForce GTX 1050 Ti ya 2016 na matoleo mengi ya GTX 1650 ya 2019 ni za namna hiyo. OptiPlex 7010 ya kusimama yenye pawasaplai ya wati 275 inaweza kuilisha mojawapo bila kelele. Yale masanduku madogo ni hadithi nyingine. Kadi lazima iwe fupi, na mengine yamewekewa mpaka ulio chini ya wati 75, kwa hivyo tafuta kitabu cha mashine yako usome. Nenda dukani na rula, upime urefu, upana, hata unene, kwa kuwa kadi nyingi hula nafasi mbili. Kwa sanduku dogo, GT 1030 ya wati 30 ndiyo salama, japo usiitarajie miujiza.

Lakini hapo pia kuna mbuzi kwenye gunia. GT 1030 ziko mbili zenye jina moja. Ya 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5. Ya 2018 ina DDR4, na kasi ya kumbukumbu yake ni karibu theluthi moja tu ya mwenzake. Uliza aina ya kumbukumbu kabla ya kutoa pesa. Kuna na kadi bandia kabisa, za zamani zilizobadilishwa jina zijiite 1050 Ti. Mwambie muuzaji aichomeke mbele yako, afungue programu ya bure ya GPU-Z, ambayo tangu 2018 hutambua nyingi za aina hiyo. Kisha gemu ichezwe robo saa. Akikasirika, shika njia. Tena ujue kwamba Septemba 2022, mtandao wa sarafu ya Ethereum ulipoacha kutumia kadi za michoro, kadi nyingi zilizokuwa zikikeshwa usiku na mchana zilimwagwa sokoni. Feni ikilia kama posho mill, usibebe.

Kama pesa hazifiki kwa kadi, weka kumbukumbu, yaani ramu. Vipande viwili vya gigabaiti 4 ni bora kuliko kimoja cha 8, hasa kama huna kadi, kwa sababu prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja. Mashine hii hutumia DDR3. DDR4 haiingii, usisukume. Diski ya SSD nayo huifanya mashine iamke haraka, lakini haiongezi mwendo wa gemu yenyewe, hata ukiambiwa nini.

Jambo la Windows nalo lipo. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kirasmi haitambui prosesa hii kwa uzee wake. Linux ni ya bure, na kwa kutumia Proton iliyoanza 2018 gemu nyingi za Windows hucheza humo, isipokuwa baadhi za mtandaoni.

Halafu tokeni. Mashine ya wati 150 ikichezwa saa mbili kila siku, kwa siku 30 inakula uniti 9. Mimi nilimpelekea baba hesabu hii ikiwa imeandikwa kwenye karatasi kabla ya kuomba chochote. Aliisoma mara mbili, akasema: Ijumaa na Jumamosi. Hizo ni uniti 2.4 kwa mwezi, na hizo amekubali kulipa.