Gauni la Mama: Fumua, Usikate

Wadogo zangu, leo namjibu mmoja wenu wa huko Airport, Changamwe, lakini wengine pia sogeeni. Mama yake amemtolea gauni lake la harusi la miaka ya themanini. Limegeuka manjano, kifuani lina madoa ya kahawia, mikono imefura na kiunoni halifungi. Ananiuliza, fundi alikate ashone jipya?

Polepole, mpenzi. Mama akisema "chukua", bado hajasema "kata". Mkalishe umwulize kipi hataki kiguswe: lesi, shela, au ule mkia. Na kama una mdogo wako wa kike, naye aulizwe, maana ndugu wameshanuniana kwa shela.

Mikono usiicheke. Princess Diana alipoolewa London tarehe 29 Julai 1981, ya gauni lake ilifura kama maputo, na mabibi harusi dunia nzima wakaiga. Ikikuchosha, mwambie fundi aifumue aipunguze, na kitambaa kitakachobaki akutunzie. Hicho ndicho kiraka chako cha kesho, kwa sababu rangi ile hutaipata dukani tena.

Sasa usafi, na hapa ndipo magauni mengi hufia. Usiguse Jik! Jik hula hariri, na vitambaa vingine huvizidishia umanjano. Jua kwanza unafua nini. Chomoa uzi mmoja kwa ndani, penye mshono, uuchome kwa kiberiti juu ya sahani. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha jivu la kusagika, ni hariri. Ukiyeyuka na kuganda kidonge kigumu, ni poliesta. Hariri mpelekee dobi anayesafisha kwa dawa bila maji, na mwonyeshe shanga kabla hajaanza, kwani shanga nyingine za zamani huyeyuka kwenye dawa hiyo. Poliesta loweka mwenyewe kwenye beseni kubwa, maji ya vuguvugu na sabuni laini, usikamue, kisha ulaze kivulini juu ya taulo. Lakini si kwa maji ya kisima yenye chumvi, tafadhali. Nunua mitungi ya maji matamu kwa wa mkokoteni. Huwezi kumpa gauni la mama maji ambayo hata chai hupikii.

Likishakuwa safi ndipo uende kwa fundi, sio kabla. Pasi ya moto huyakaza madoa yasitoke tena. Mwombe fundi aligeuze nje ndani akuonyeshe akiba ya mshono. Mara nyingi mafundi wa zamani waliacha kitambaa cha kutosha ubavuni, na wewe unaweza kupata nafasi bila mkasi kugusa kitu. Isipotosha, atoe zipu ya mgongoni aweke vitanzi na kamba za kukaza. Ukinenepa au ukikonda kabla ya siku yenyewe, kamba zitakufuata. Na usijishindishe njaa ili uingie kwenye kiuno cha mama yako. Gauni ndilo likufuate wewe.

Kama kuna badiliko kubwa, mfano shingo au mgongo, nunua marikani Biashara Street, fundi alijaribie kwenye kitambaa hicho kwanza. Lesi ya kuongeza ichague nje kwenye mwanga wa jua, maana chini ya taa za duka kila nyeupe hufanana. Beatrice, mjukuu wa Malkia Elizabeth, aliolewa Julai 2020 na gauni la bibi yake la Norman Hartnell, ambalo Malkia alilivaa mwaka 1962. Mafundi waliliongezea mikono ya oganza, na bado ukilitazama unalijua ni lile lile. Ndiyo kazi ninayoitaka kwako.

Fundi mpe miezi, si wiki. Usimpelekee katika Ramadhani, cherehani zote ziko kwenye nguo za Idi, wala Desemba, ambapo harusi zimejaa. Patana bei ya kazi nzima na uiandike.

Wenye gauni lililoko kwa shangazi Nairobi au Dubai, anayekuja nalo alishike mkononi ndani ya ndege, lisiingie kwenye begi la mizigo. Likifika, toa ule mfuko wa nailoni mara moja. Joto letu na unyevu wa Mei huotesha ukungu humo ndani, na pini zikipata kutu zinatoboa. Lifunge kwa leso ya pamba iliyofuliwa ikatoka wanga, kwa sababu mende wanapenda wanga.

Somo wako akija na chetezo, mwambie afukize chumba, sio gauni. Harusi ikiisha, lisafishwe wiki hiyo hiyo, kwani soda iliyomwagika leo huioni, ila miaka michache baadaye itakuwa doa la kahawia kama hayo ya mama. Haya, kabla hujampigia fundi simu, nenda kamwulize mama.