Supu: Tuijue faida yake na hatari ya kiporo chake



Ndugu msomaji, katika mitaa yetu ya Temeke, Mbagala, Manzese na Mwananyamala ni nadra siku kupita bila pua kukutana na harufu ya supu. Watu wakitoka swala ya Alfajiri, sufuria la makongoro au utumbo limeshainjikwa, na chapati zinageuzwa pembeni. Jioni meza ya pweza inawashiwa taa, na wateja wanaizunguka, kila mmoja na kijiti chake na kikombe cha supu. Majumbani nako mgonjwa anachemshiwa kuku wa kienyeji, na mzazi anapikiwa mtori au supu yenye pilipili manga.

Jambo hili si letu peke yetu. Wakorea, pamoja na umbali wao, humpikia mzazi supu ya mwani, ingawa si aina ile inayolimwa na mama zetu wa Paje na Jambiani. Na joto la kiangazi linapowazidi, hunywa supu ya kuku ya moto kabisa. Kila watu wamegundua kwamba supu humfaa mwenye mwili dhaifu, kwa sababu hushuka bila taabu na humrudishia maji.

Lakini chakula hiki kizuri kina makosa mawili yaliyozoeleka katika nyumba zetu. La kwanza ni namna tunavyokilaza. La pili ni namna tunavyokigawa. Yote mawili huwaumiza zaidi watoto, kwa hiyo tuyatazame moja moja.

Supu iliyolala

Mama amepika supu ya ng'ombe saa mbili usiku. Watu wamekula, na nusu sufuria imebaki. Anafunika, anaiacha jikoni mpaka asubuhi, au mpaka daku kama ni Ramadhani. Kukicha anaipasha moto kidogo, mvuke ukianza tu anawamiminia watoto. Saa sita mchana mtoto analalamika tumbo, anatapika au anaharisha. Watu husema ni pilipili, au ni jicho la watu. Mara nyingi ni kiporo.

Sababu yake ni hii. Kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini si vyote. Kuna bakteria ambao huweza kujikunja na kuwa kama mbegu ngumu, na mbegu hiyo huweza kustahimili mchemko. Supu inapopoa taratibu, mbegu zinaamka na kuanza kuzaana. Sufuria kubwa likifunikwa vizuri hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu ndio wanaoupenda. Vijidudu hustawi kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi, na usiku wa Dar es Salaam uko humo humo.

Je, si tutaichemsha tena asubuhi? Ni lazima kuichemsha, lakini mchemko haurekebishi kila kitu. Baadhi ya bakteria huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki kwa moto. Supu inaweza kuwa haina harufu mbaya wala ladha ya uchachu na bado ikadhuru.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Pika kiasi kitakachokwisha. Hii ndiyo dawa bora kwa nyumba isiyo na jokofu.
2. Kikibaki, usikiache nje zaidi ya saa 2.
3. Ipoze haraka. Igawe katika vyombo vidogo, vitie ndani ya beseni la maji baridi na ukoroge. Ikishapoa, funika na weka kwenye jokofu. Umeme ukikatika usiku kucha na supu ikawa vuguvugu, usiihurumie, imwage.
4. Unapoipasha, ichemke kwelikweli mpaka itokote pande zote, na nyama iwe ya moto hadi ndani. Pasha kile tu kitakacholiwa.
5. Usichanganye supu mpya na kiporo. Kilichoharibika huharibu kizima.

Kufunika chombo ni adabu tuliyofundishwa na Mtume (SAW), aliyeamrisha vyombo vya chakula na maji vifunikwe usiku. Kifuniko kinazuia mende, panya na nzi. Lakini hakizuii kilichokwisha kuwemo ndani, na ndiyo maana tunahitaji pia kupoza.

Kikombe cha barabarani

Agosti 2015 kipindupindu kililipuka jijini kwetu, kikianzia Kinondoni, kisha kikaenea mikoa mingi. Wengi walishangaa: mbona supu inachemka muda wote? Kweli, kijidudu cha kipindupindu hakistahimili mchemko. Kinaweza kurudi kupitia kikombe kilichochovywa kwenye ndoo moja pamoja na vikombe vya watu hamsini, kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu, na mkono uliotoka chooni bila sabuni. Kabla hujaagiza, tazama ndoo. Maji yakiwa na rangi ya mchuzi, chukua supu yako kwenye chombo chako na uiache ile kachumbari. Nawe ndugu muuzaji, maji yanayotiririka na sabuni ni sehemu ya amana uliyobeba.

Mtoto akiharisha, supu haitoshi kurudisha maji aliyopoteza. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Ukikosa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa. Mnywesha kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Akiwa na damu kwenye choo, macho yameingia ndani au hawezi kunywa, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Maji ya supu si nyama

Sasa kosa la pili. Baba anawekewa mnofu, wageni wanawekewa mnofu, mtoto wa miezi minane anaambiwa "mpe maji ya supu, yana nguvu zote". Ndugu zangu, hapa tunadanganyana.

Nyama ikichemka, maji huchukua ladha, chumvi, mafuta na sehemu ndogo tu ya virutubisho. Protini nyingi na madini ya chuma hubaki ndani ya mnofu. Hata mifupa iliyochemshwa tangu asubuhi haitoi kalsiamu nyingi kama tunavyodhani. Ule utelezi wa makongoro ni protini ya aina moja, nayo haitoshi kumjenga mtoto.

Tena tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza maji ya supu, ameshiba bila kula. Anaonekana ametulia, kumbe hana damu ya kutosha, na urefu wake unabaki nyuma ya umri wake.

Mtoto aliyefikisha miezi 6 aanze chakula huku akiendelea kunyonya, nasi tunajua Qur'ani imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Chukua kipande cha nyama laini, samaki asiye na miiba au ini, kisage au kikwanyue, ukichanganye na viazi, ndizi au boga, kisha tumia supu kulainisha tu. Chakula kiwe kizito, kisidondoke kwenye kijiko kama maji. Nyama ikishinda mfuko, dagaa waliosagwa na maharage yaliyopondwa vinafaa sana.

Boga si chakula cha kudharau. Anas bin Malik (RA) amesimulia fundi cherehani aliyemwalika Mtume (SAW) kwa mkate na mchuzi wenye boga na nyama iliyokaushwa, naye Mtume akawa anavifuata vipande vya boga pembezoni mwa sahani. Boga la njano humpa mtoto vitamini A, tena ni rahisi sokoni.

Neno moja juu ya chumvi

Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Vile vidonge vya kuongeza ladha vina chumvi nyingi, hivyo ukivitia, punguza ile nyingine. Wenye presha na maradhi ya figo waangalie zaidi. Mwenye jongo asizidishe supu ya maini na figo, huenda ikamwamshia maumivu.

Mwisho, Mtume (SAW) alimuusia Abu Dharr (RA) kwamba apikapo mchuzi aongeze maji yake na awakumbuke jirani. Tuongeze maji, sufuria liwafikie wengi, na usiku ukiingia pasibaki cha kulaza. Ila bakuli linapokwenda kwa jirani mwenye mtoto mchanga, tusisahau kutia na kipande cha mnofu.

Wabillahi tawfiq.