Dondoo Muhimu: Usalama Kando ya Malori ya Southern Bypass

Barabara ya Southern Bypass jijini Nairobi, inayopita kusini mwa Kibera, huwezesha malori yatokayo Mombasa kuelekea magharibi mwa nchi bila kuingia katikati ya jiji. Kwa hiyo mkazi wa Gatwekera, kijiji kilichomo Kibera, anayeitumia kwa miguu au kwa bodaboda hukabiliana na magari mazito, naye anastahili kulindwa sawa na mwenye gari.

• Kasi. Kikomo cha lori zito ni kilomita 80 kwa saa, na kidhibiti mwendo, yaani kifaa kinachozuia gari lisivuke kikomo hicho, hakipaswi kuchezewa kamwe.

• Kuvuka. Kwa kasi hiyo lori husogea takriban mita 22 kila sekunde, na kasi inapoongezeka mara mbili umbali wa kufunga breki huongezeka mara nne. Hivyo mtembeaji atumie kivuko hata lori linapoonekana liko mbali.

• Maeneo pofu. Hizi ni sehemu ambazo dereva hazioni kwa vioo, zikiwemo zilizo mbele karibu kabisa na bampa, nyuma ya tela na ubavuni. Mwendesha bodaboda asijipenyeze kushoto mwa lori linalokata kona upande huo.

• Uchovu. Sheria ya Trafiki inakataza kuendesha gari la biashara zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24, na wajibu wa kupanga safari zinazoheshimu kikomo hicho ni wa mwenye lori pia, si wa dereva peke yake.