Kukana na Kukanusha: Sheria Dhidi ya Ukanaji wa Maangamizi ya Wayahudi na Mipaka ya Uhuru wa Kusema

Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni kimoja: kukana na kukanusha. Mtu hukana deni alilokopa au mtoto aliyemzaa. Jambo lenyewe lipo, naye analijua au ana njia ya kulijua, ila hataki kufungwa nalo. Anayekanusha husimama mbele ya dai na kulijibu kwa hoja. Mwenye kukanusha anaweza kukosea, lakini amekubali kupimwa kwa ushahidi. Mwenye kukana amekwisha kuukimbia ushahidi kabla haujaletwa.

Makala haya yanaitumia tofauti hiyo kuchunguza suala ambalo limewagawanya wanasheria, wanahistoria na watetezi wa haki za binadamu kwa miongo kadhaa, nalo ni sheria zinazoharamisha ukanaji wa Maangamizi ya Wayahudi. Kati ya mwaka 1941 na 1945 utawala wa Wanazi wa Ujerumani, pamoja na washirika wake, uliwaua Wayahudi wapatao milioni 6. Waliuawa kwa risasi kando ya makaburi ya halaiki, kwa gesi katika kambi kama vile Auschwitz-Birkenau na Treblinka, na kwa njaa na maradhi katika mitaa walimofungiwa. Tukio hili limethibitishwa na nyaraka za wauaji wenyewe, kauli za walionusurika, maungamo mahakamani na mabaki ya kambi. Hata hivyo, wapo wanaodai kwamba halikutokea. Je, dola ina haki ya kumwadhibu mtu kwa kusema uongo kuhusu wakati uliopita? Makala haya yanashikilia kwamba sheria ina nafasi yake katika suala hili, lakini ni nafasi nyembamba. Aidha, yanaonyesha kwamba hakuna sheria inayoweza kuchukua mahali pa kazi ya kusoma matini kwa uangalifu.

Maoni na Dai la Ukweli

Watetezi wa sheria hizi hutegemea hoja mbili kuu. Hoja ya kwanza ilifafanuliwa na Mahakama ya Katiba ya Ujerumani mwezi Aprili 1994. Chama cha siasa kali za mrengo wa kulia kilikuwa kimepanga mkutano mjini Munich mwaka 1991, ambapo mwandishi Mwingereza David Irving angehutubu. Wenye mamlaka waliuruhusu kwa sharti kwamba ukanaji wa mateso ya Wayahudi usitamkwe humo. Chama kikashtaki. Mahakama ilieleza kwamba maoni hulindwa hata yakiwa ya kuudhi, kwa kuwa maoni hayawezi kuthibitishwa kuwa kweli au uongo. Dai la ukweli ambalo uongo wake umekwisha kuthibitishwa halina ulinzi huo.

Mwaka huohuo mahakama iyo hiyo ilikilinda kitabu kilichokana kwamba Ujerumani ndiyo iliyobeba lawama ya kuzuka kwa Vita vya Pili vya Dunia. Suala la nani alaumiwe kwa vita, ilisema, ni tathmini ya mambo mengi yaliyofungamana, na kwa hiyo ni maoni. Hukumu hizi mbili zikisomwa pamoja, zinaonyesha kwamba mahakama haikukusudia kuifanya historia nzima kuwa mali ya dola. Iliweka uzio kuzunguka jambo moja tu lililothibitishwa. Baadaye mwaka 1994 Bunge la Ujerumani lilikitaja kosa hilo waziwazi katika kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, na kuliwekea adhabu ya hadi miaka 5 gerezani.

Hoja ya pili inahusu walio hai. Anayesema kwamba Maangamizi hayakutokea anasema vilevile kwamba walionusurika ni waongo, na kwamba Wayahudi wameulaghai ulimwengu mzima kwa manufaa yao. Dai hilo linamshtaki upya mtu ambaye jamaa zake waliuawa. Kwa mtazamo huu, ukanaji si kosa la kihistoria tu bali ni mwendelezo wa chuki iliyozaa mauaji yenyewe.

Mwalimu wa Fasihi Kizimbani

Wanafunzi wa fasihi wana sababu maalumu ya kuifuatilia kesi ya Robert Faurisson. Mtu huyu hakuwa mwanahistoria. Alikuwa mhadhiri wa fasihi ya Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Lyon 2, na alijinadi kuwa msomaji makini asiyekubali ila kile ambacho matini yenyewe inasema. Kwa kisingizio hicho alidai kwamba vyumba vya gesi havikuwapo, na kwamba shajara ya Anne Frank, msichana aliyefia katika kambi ya Bergen-Belsen mwaka 1945, ilikuwa bandia.

Ufaransa ilipitisha Sheria ya Gayssot mwezi Julai 1990, na mwaka 1991 Faurisson akahukumiwa kwa mujibu wake. Alikata rufaa hadi Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mwezi Novemba 1996 kamati iliamua kwamba haki yake haikuvunjwa, maadamu kauli zake zilielekea kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi. Ilitahadharisha, hata hivyo, kwamba sheria hiyo ikitumiwa katika mazingira tofauti inaweza kuzaa maamuzi yasiyopatana na mkataba wa kimataifa.

Hata kabla ya sheria hiyo, Noam Chomsky, ambaye wanafunzi wa isimu wanamfahamu kwa sarufi zalishi, alikuwa ametetea haki ya Faurisson ya kusema. Chomsky mwenyewe ni Myahudi. Hoja yake ilikuwa kwamba uhuru wa kusema hauna maana iwapo unawalinda tu wale tunaokubaliana nao. Hoja hii ina uzito, na haijibiwi kwa kumkashifu aliyeitoa. Dola inayopewa uwezo wa kuamua ukweli wa historia leo inaweza kuutumia uwezo huo kesho dhidi ya mtafiti mwaminifu.

Ni muhimu basi kutazama jinsi dai kuhusu shajara lilivyojibiwa. Mwaka 1986 taasisi ya Uholanzi inayohifadhi nyaraka za vita ilichapisha toleo la kihakiki la shajara hiyo. Matoleo yake mbalimbali yaliwekwa sambamba, yakiandamana na matokeo ya uchunguzi wa kimaabara wa karatasi, wino na mwandiko. Shajara ikathibitishwa kuwa halisi. Aliyejifanya mhakiki wa matini alishindwa na uhakiki wa matini.

Neno Moja Lililosomwa Vibaya

Uingereza haina sheria inayoharamisha ukanaji wa Maangamizi, lakini huko ndiko ukanaji ulikopigwa pigo kubwa zaidi. Mwanahistoria Mmarekani Deborah Lipstadt, katika kitabu cha mwaka 1993, alimtaja Irving kuwa mkanaji. Mwaka 1996 Irving alimshtaki yeye na shirika la Penguin kwa kashfa. Kwa kuwa sheria ya kashfa ya Uingereza humtwisha mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha aliyoyasema, upande wa utetezi ulilazimika kuvichambua vitabu vya Irving tanbihi kwa tanbihi. Mwanahistoria Richard Evans aliandika ripoti ya zaidi ya kurasa 700.

Mfano mmoja unatosha. Katika kumbukumbu za simu za Heinrich Himmler, mkuu wa SS, za tarehe 1 Desemba 1941, kuna mstari ulioandikwa kwa mkono unaosema kwamba viongozi wa utawala wa SS wana wajibu wa kubaki. Neno la Kijerumani lililotumika ni «haben», yaani «wana». Irving alilisoma kuwa «Juden», yaani «Wayahudi», akaandika kwamba Himmler aliagiza Wayahudi wabaki walipo. Kosa la kusoma humpata kila mtu. Hata hivyo, mahakama ilibaini kwamba makosa ya Irving, yakikusanywa, yalielekea upande mmoja daima: upande wa kumsafisha Hitler. Msomaji mzembe hukosea huku na huku. Anayekosea kuelekea upande mmoja tu ana lake jambo. Tarehe 11 Aprili 2000 Jaji Charles Gray aliamua kwamba Irving alikuwa ameupotosha ushahidi kwa makusudi na kwa sababu za kiitikadi.

Mwezi Februari 2006 mahakama ya Vienna, Austria, ilimhukumu Irving huyohuyo kifungo cha miaka 3 kwa hotuba alizozitoa nchini humo mwaka 1989. Aliachiliwa mwezi Desemba mwaka huo. Lipstadt, aliyesumbuliwa naye kwa miaka mingi, hakuunga mkono kifungo hicho. Neno la Kiswahili shahidi linasaidia kueleza sababu. Shahidi ni atoaye ushahidi. Shahidi vilevile ni afaye au ateswaye kwa ajili ya imani yake. London ilithibitisha kwamba Irving hakuwa shahidi wa maana ya kwanza. Vienna ilimpa nafasi ya kujidai kuwa shahidi wa maana ya pili.

Sheria Inapopanuka

Sheria za aina hii hazikubaki Ulaya. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Rwanda ilikuwa na sababu nzito kuliko nchi nyingi ya kuogopa maneno. Mnamo Desemba 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mwanahistoria na mhadhiri wa chuo kikuu, kwa mchango wake katika redio ya RTLM iliyochochea mauaji. Ulimi hauna mfupa, lakini huko Rwanda ulitangulia mbele ya mapanga.

Mwaka 2003 Rwanda ilitunga sheria ya kuadhibu ukanaji wa mauaji hayo, na mwaka 2008 ikaongeza nyingine dhidi ya «itikadi ya mauaji ya kimbari». Ufafanuzi wa kosa katika sheria ya 2008 ulikuwa mpana mno hata ikalazimu kuandikwa upya mwaka 2013 na tena 2018. Mwanasiasa wa upinzani Victoire Ingabire alirejea nchini Januari 2010 na kusema kwenye makumbusho ya Gisozi kwamba Wahutu waliouawa nao wanastahili kukumbukwa. Miongoni mwa makosa aliyotiwa hatiani ni kupunguza uzito wa mauaji ya kimbari, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilimfunga miaka 15. Tarehe 24 Novemba 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba uhuru wake wa kujieleza ulikuwa umevunjwa. Mahakama ilikubali kwamba Rwanda ina haki ya kutunga sheria za namna hiyo kutokana na historia yake. Iliona, hata hivyo, kwamba maneno aliyoyasema pale hayakukana mauaji dhidi ya Watutsi.

Hapa ndipo hofu ya Chomsky inapopata ushahidi. Kutaja wafu wengine si lazima kuwe kukana wafu wa kwanza, ingawa mkanaji anaweza kujificha nyuma ya maneno hayohayo. Sheria isiyotofautisha mambo haya mawili humfunga anayeomboleza pamoja na anayechochea.

Hitimisho

Kutokana na kesi hizi, vigezo vitatu vinajitokeza. Mosi, sheria ihusu tukio lililothibitishwa pasipo shaka, wala si tathmini ya lawama au sababu. Pili, ilenge kauli inayowashambulia walio hai, si swali la mtafiti. Tatu, maneno ya sheria yawe finyu kiasi kwamba mtu aweze kujua mapema ni kauli gani itakayomfikisha kizimbani. Sheria isiyokidhi vigezo hivi huwa silaha ya mwenye nguvu, hata kama ilitungwa kwa machozi ya kweli.

Hata sheria bora, hata hivyo, humnyamazisha mkanaji tu, haimkanushi. Kumkanusha ni kazi ya wanaosoma mwandiko, wanaolinganisha matoleo na kufuatilia tanbihi hadi mwisho wake. Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Toleo la mwaka 1986 na kesi ya mwaka 2000 zinaonyesha kwamba njia hiyo haijifupishi yenyewe. Hufupishwa na wasomaji wenye subira, na idara za lugha na fasihi ndizo zilizokabidhiwa jukumu la kuwalea.