Tutangaze mazao yetu ku simu bila kuchokesha watu



Siku hizi wengi wetu tunatafuta wanunuzi kwa njia ya WhatsApp. Ni jambo zuri: ujumbe unafika Goma na Bukavu mbele ya mashua kutoka. Lakini tukituma picha kumi kila asubuhi ndani ya kikundi cha kanisa na cha wazazi wa shule, wengi hawana haja nazo, na zinakula mega zao. Mtu akichoka, anafunga namba yetu. Watu wengi wakituripoti, WhatsApp yenyewe inaweza kuifunga. Siku ya mavuno tutaita nani? Nanasi lililoiva halingoji.

Tuchukue mfano wa koperative yenye kulima mananasi ku kisiwa cha Idjwi na kuyauza Goma.

1. Tuombe ruhusa. Mnunuzi akisha kulipa, tumuulize: «Mama, tukuandikie tukiwa na mananasi?» Akikubali, tuandike ndani ya daftari jina, namba na zao analonunua. Akikataa, tumshukuru tu.

2. Tutumie orodha ya matangazo, si kikundi. Ni ile simu zetu zinaita kwa Kifaransa «liste de diffusion». Orodha moja inapokea watu 256. Kila mtu anapata ujumbe peke yake, na jibu lake tunaliona sisi tu. Lakini ujumbe unafika tu kwa mwenye kuweka namba yetu mu simu yake. Basi tumuombe aiweke palepale.

3. Kila zao na orodha yake. Mwenye kununua kahawa hana kazi na mananasi.

4. Tuandike wakati mali iko, tena kwa ufupi. Mfano: «Jambo Mama. Siku ya tano asubuhi tutakuwa Kituku na mananasi 400. Kubwa franka 2000, ndogo franka 1000. Unahitaji ngapi?» Picha moja inatosha. Zingine tuziweke ku Status: zinakaa saa 24, na anayetaka ndiye anafungua.

5. Tuache mlango wazi. Mwisho wa ujumbe tuongeze: «Kama hautaki tena, jibu ACHA.» Akijibu hivyo, tutoe namba yake siku hiyohiyo, bila kumuuliza sababu.

Kazi ya mkutano ujao: tuchague mtu mmoja wa kutuma ujumbe, ili mnunuzi asipate bei mbili tofauti. Kisha kila mauzo, katibu ahesabu: wangapi tuliwaandikia, wangapi walinunua, wangapi walijibu ACHA? Kama wanaoacha wanazidi wanaonunua, tupunguze ujumbe na tuangalie upya orodha. Wanunuzi makumi mawili wenye kutungoja wanatufaa kuliko watu mia tano wenye kutukimbia.