Jeshi Likitaja Idadi ya Waliokufa, Uliza Maswali Haya

Mufindi ni wilaya inayotoa askari. Kambi ya JKT ipo Mafinga, na vijana wa Igowole na Nyololo wanaomaliza shule huiona kazi ya jeshi kama wanavyoiona ya chai au mbao: ni riziki. Ndiyo maana vita vikipamba moto Kongo, swali la wamekufa wangapi huulizwa hapa na watu wenye mtoto huko.

Je, serikali husema kweli? Kwa maoni yangu, mara nyingi husema sehemu ya kweli, tena kwa wakati zinaoutaka zenyewe. Uongo mtupu ni mgumu kwetu, kwa kuwa askari aliyekufa huletwa kwao kuzikwa, na hakuna kijiji kinachoweza kuficha msiba. Kinachofanyika zaidi ni kunyamaza, kuchelewa, na kuchagua nani ahesabiwe.

Mfano mbaya zaidi wa kunyamaza katika ukanda wetu ni El Adde. Tarehe 15 Januari 2016, wapiganaji wa al-Shabaab waliivamia kambi ya jeshi la Kenya huko Somalia. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja wanajeshi waliouawa kati ya 180 na 200. Shirika la habari la CNN lilifanya uchunguzi wake likapata wasiopungua 141. Serikali ya Kenya ilifanya ibada kubwa ya kumbukumbu kwenye kambi ya Moi mjini Eldoret, ikawalilia mashujaa wake, lakini idadi haikuitoa. Mwaka uliofuata kambi ya Kulbiyow iliposhambuliwa, jeshi lilisema limepoteza askari 9, na al-Shabaab wakadai zaidi ya 50. Huenda jeshi lilisema kweli safari hiyo. Lakini nani angeliamini kirahisi baada ya El Adde?

Uganda ilifanya tofauti. Kambi yake ya Buulo Mareer, Somalia, ilivamiwa na al-Shabaab tarehe 26 Mei 2023, na siku chache baadaye Rais Museveni mwenyewe akatangaza kwamba wamekufa askari 54. Adui alidai 137. Mimi naiamini zaidi ile ya 54, kwa sababu idadi inayomuumiza anayeitaja ina uzito kuliko ile inayompamba. Adui naye ana sababu zake za kuongeza, na hilo husahaulika haraka sana kwenye makundi ya WhatsApp.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Tanzania chini ya Umoja wa Mataifa huko Semuliki, Kivu Kaskazini, Kongo, ilishambuliwa na waasi wa ADF. Taarifa ya kwanza ilitaja askari wetu 14 waliouawa. Baadaye ikawa 15. Wapo waliodai kuwa tunafichwa. Hapana. Idadi ya siku ya kwanza hupanda kwa kuwa kuna majeruhi mahututi na kuna wasiojulikana walipo. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni hili: idadi hii ni ya lini?

Swali la pili: nani mwingine anahesabu? Semuliki, Umoja wa Mataifa ulikuwa na daftari lake. Tovuti yake ya ulinzi wa amani huonyesha vifo kwa nchi, kwa misheni, kwa mwaka na kwa sababu: shambulio, ajali au ugonjwa. Mwenye simu yenye intaneti anaweza kuangalia akiwa stendi ya Igowole. Lakini askari wetu wakienda chini ya jumuiya ya SADC, kama walipokuwa karibu na Goma Januari 2025, daftari hilo halipo. JWTZ ilitangaza vifo vya askari 2, na raia wa kawaida hakuwa na mahali pa pili pa kulinganisha. Hapo kinachosaidia ni majina. Tangazo lenye jina, cheo na siku ya mazishi ni rahisi kuthibitisha kuliko namba tupu.

Swali la tatu ndilo zito: nani hakuhesabiwa? Kwa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vitabu hurudia idadi ya askari 373 wa Tanzania, na kati yao waliouawa kwenye mapigano yenyewe ni chini ya 100. Wengine walikufa kwa ajali na sababu nyinginezo. Msemaji akitaja waliouawa na adui tu, hajadanganya, ila amewaacha nje wengi. Na raia waliouawa Kagera wanakadiriwa kuwa 1,500 hivi. Hao hawamo kwenye hesabu ya jeshi.

Kosa hili la kuwaacha watu nje ya hesabu ni la zamani hapa kwetu Mufindi. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wajerumani walipigana Malangali. Majeshi yote mawili yaliishi kwa migongo ya wapagazi, nao walikufa kwa maelfu kwa njaa, kuhara na malaria, wengi bila jina kuandikwa popote. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hilo mwaka 2021 tu, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Ukiletewa video ya maiti za askari, usiisambaze. Mara nyingi ni ya vita vingine, na hata ikiwa ya kweli, mama hastahili kumtambua mwanawe kwenye simu ya jirani. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayechapisha taarifa za uongo, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3.

Familia yenye wasiwasi isikae ikisubiri redio. Iweke namba ya jeshi ya kijana, jina la kikosi chake na nakala ya vitambulisho, kisha iulize kikosini. Kifo kikithibitishwa, omba maelezo kwa maandishi, yenye tarehe, mahali na sababu, maana karatasi hizo zitahitajika kwenye cheti cha kifo na mirathi.

Na wewe uliye na babu aliyekwenda Kagera, akiwa mwanajeshi au mgambo, mkalishe sasa. Andika majina ya wenzake wasiorudi, vikosi vyao na walipofia, kabla naye hajaondoka.