Kibano cha Hadubini: Namna ya Kuingiza Mchoro Huria katika Tarakilishi

Nimeshika kalamu ili nikueleze jambo lililonitoa jasho muhula mzima, nalo ni kuingiza mchoro wa kifaa huria katika programu ya usanifu ya tarakilishi. Najua utasema, "Haya ni mambo ya chama cha sayansi, sisi wa Kiswahili yatuhusu nini?" Hebu ngoja kwanza. Hadubini nitakayoitaja ndiyo hiyohiyo unayoichungulia siku ya bayolojia.

Katika maabara yetu hapa Likoni, hadubini iliyo nzima zaidi ilikuwa imepoteza vibano vyake vyote viwili, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokandamiza kioo cha sampuli kisihame. Darasa lapanga foleni kutazama ngozi ya kitunguu. Wa tano akiigusa meza tu, lo, kitunguu kimeshahama! Tukawa twashikilia kioo kwa kidole, na kidole chatetemeka. Nao mtihani wa vitendo una saa yake.

Sasa, kifaa huria ni kifaa ambacho aliyekibuni ameanika michoro yake, akamruhusu yeyote kuitazama, kuibadilisha na hata kuunda chake auze. Katika kutafuta nikakutana na hadubini iitwayo OpenFlexure. Ilianzia Uingereza, na michoro yake hutolewa kwa leseni ya CERN, ile maabara kubwa ya fizikia karibu na Geneva, iliyoitoa leseni hiyo mara ya kwanza mwaka 2011. Jirani zetu wa Dar es Salaam, karakana ya STICLab, waliijenga, na watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara wakashiriki katika kuijaribu. Makala waliyochapisha pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bath mwaka 2020 yasema zaidi ya hadubini 100 za aina hiyo zilikuwa zimejengwa Tanzania na Kenya. Sisi hadubini nzima hatukuiweza, maana yataka kamera yake na tarakilishi yake ndogo. Tulitaka kibano tu.

Hapa ndipo somo laanza. Nilipakua faili la kibano nikalifungua kwa FreeCAD, programu ya bure iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Kibano kikatokea safi kabisa. Nikaonyesha wenzangu, nikajiona fundi. Kumbe tundu lake lilikuwa la bolti ya milimita 3, na tundu la hadubini yetu ni la milimita 4. Nikasema si kitu, nitalipanua. Nabonyeza tundu, linashikika pande moja ndogo tu ya bapa. Nabonyeza tena, pande nyingine. Tundu zima, hata!

Sababu yake ni aina ya faili. Faili la STL, lililobuniwa mwaka 1987 kwa ajili ya mashine za kuchapa vitu, ni wavu wa pembetatu tupu. Limehifadhi sura ya nje basi. Halijui kwamba hapa pana tundu, wala kipenyo chake ni kadha. Ni kama kupewa hamri lililokwisha kukaangwa, ukaambiwa upunguze iliki. FreeCAD yaweza kuugeuza wavu kuwa umbo gumu, kisha unaliziba tundu la zamani kwa mcheduara na kulikata jipya. Kwa kitu kidogo inawezekana. Kwa kitu chenye pembetatu maelfu, tarakilishi zetu za shule huzubaa mpaka kengele ya chakula.

Faili la STEP ni afadhali sana. Hilo hufuata kanuni ya kimataifa iliyotoka mwaka 1994, na ndani yake duara ni duara la kweli. Ukilipata, lichukue hilo kabla ya STL.

Kosa la pili halikuwa la kibano bali la kifundo cha kuzungushia, nilichokipata kwingine. Nilikiingiza, sikukiona. Nikafikiri faili ni bovu. Mwenzangu akavuta karibu, karibu, karibu zaidi, ndipo tukaona kitu kama chawa! STL haina kizio: imeandikwa 2, basi ni 2. Aliyekichora alikusudia inchi 2, programu ikasoma milimita 2. Dawa yake ni kuzidisha kwa 25.4. Kwa hiyo, ukishaingiza kitu chochote, kwanza pima upande mmoja unaoujua.

Kwa kuwa nilikuwa na haraka, nilichapisha kibano kikiwa na tundu lile dogo katika karakana moja ng'ambo ya feri, nikampelekea mjomba wangu, fundi wa madirisha kule Changamwe. Nilidhani atalipanua kwa keke.

"Hii plastiki yako haitaki keke, mpwa wangu," akanambia.

"Jaribu tu, mjomba."

Akajaribu. Kikapasuka katikati, maana plastiki hiyo hupangwa tabaka juu ya tabaka, na hupasukia papo hapo penye tabaka. Mjomba akaviokota vile vipande viwili akaviweka kiganjani mwangu. "Aliyekichora hakuandika vipimo popote?"

Swali hilo lilinirudisha Likoni nikiwa na la kufanya. Vipimo vilikuwepo! Hadubini ile imechorwa kwa OpenSCAD, ambayo haichori kwa mkono. Unaandika maneno na tarakimu, nayo yajenga umbo. Hilo ndilo faili asili. Nililipakua peke yake, likakataa kujenga, kwa kuwa lategemea mafaili mengine yaliyo katika folda zake. Pakua folda nzima wala usihamishe kitu ndani yake. Hapo nilipoteza siku mbili bure. Lilipokubali, nilisoma mstari kwa mstari mpaka nikaona pale palipokata tundu. Nikabadilisha tarakimu moja, nikabonyeza F6 ijenge upya, nikatoa STL mpya. Kazi ya dakika kumi baada ya majuma matatu.

Hata hivyo bolti ya 4 haikupita katika tundu la 4. Matundu ya plastiki iliyochapwa hutoka membamba kidogo kuliko yalivyochorwa. Mjomba akapima kwa kalipa yake, nikaandika 4.4, ikapita kwa kusukuma na kidole.

Vibano viwili viko kwenye hadubini sasa, vyeusi, si vizuri sana kwa sura. Jumanne iliyopita wanafunzi wote wa Kidato cha Pili walitazama kitunguu kilekile mahali palepale. Imebaki hadubini ya pili, ambayo tundu lake si 4 wala si 5; tunangoja kalipa ya mjomba. Faili tuliloligeuza tumeliita kibano_likoni, na liko pamoja na folda yake nzima katika tarakilishi ya tatu kutoka mlangoni.